Msuko wa Saa Kumi

Nikizinyoa nywele hizi, nitakuwa nimemwacha, au nitakuwa nimemfungua?

Swali hilo lilinijia siku ya Alhamisi, saa nne kasoro robo asubuhi, nikiwa nimeshika mkanda wa kipimo cha presha. Kwa miaka minne chuoni, kabla ya mwaka huu wa mazoezi hospitalini, nilifundishwa kuuliza maswali yenye majibu: maumivu yalianza lini, yanachoma au yanakata, usiku ulilala? Hakuna mhadhiri aliyetuambia tufanye nini pale swali linapomhusu muuguzi mwenyewe, na mgonjwa akawa ndiye mwanamume aliyemvisha pete.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mshonaji, na alikuwa na tabia ya kumpima mtu kwa macho kabla hajaitikia salamu yake. Siku tuliyokutana nilimpelekea sare yangu ya uuguzi aipunguze kiunoni. Alinitazama mara moja tu, akaandika daftarini: mabega, kumi na tano na nusu. Nikamwambia atumie futi kama mafundi wengine. Akapima. Yakawa kumi na tano na nusu.

"Sasa kati yetu," akauliza, "nani anayajua mabega yako?"

Nami, niliyejihesabu kuwa msichana mwenye msimamo, nilicheka hadi nikaondoka bila kuuliza sare itakuwa tayari lini.

Miaka miwili baadaye, tukiwa tumebakiza miezi mitatu tufunge ndoa, alianza kuumwa kichwa. Wakamkuta na uvimbe ndani ya ubongo, upande wa kulia. Asubuhi ya upasuaji mimi ndiye niliyemnyoa, kwa mashine ya chumba cha maandalizi, kwa sababu niliomba kazi hiyo mwenyewe. Nywele zake ziliangukia kwenye taulo mapajani mwake, akawa anazitazama kama mtu anayetazama vipande vya kitambaa vilivyobaki.

"Zangu nyoa zote," alisema. "Lakini zako usiguse hata moja. Lazima mmoja wetu abaki na nywele za kupigia picha."

Nikamwahidi. Sikuwahi kutoa ahadi nyepesi kama ile.

Uvimbe ulitoka, na kitu kingine kikatoka nao. Daktari alitueleza taratibu, akichora kwenye karatasi. Fundi anaona vizuri, anasikia vizuri, kumbukumbu zake zipo zote, ila ile sehemu inayomwambia mtu "huyu ni fulani" imeharibika. Kwa sura na kwa sauti. Haitarudi. "Kila mmoja wenu atafute alama moja isiyobadilika," alisema, "awe anaishika hiyo." Mama yake akachagua kilemba cha kijani. Mimi nikachagua nywele zangu: msuko mmoja mnene, unaofika kiunoni, ambao mkasi haujaugusa tangu nikiwa darasa la tano.

Juu ya kitanda chake ikabandikwa kadi yenye herufi kubwa: JITAMBULISHE KILA UNAPOMKARIBIA. Hata aliyetoka dakika moja kufuata maji, akirudi alianza upya. Mimi ni muuguzi wa zamu. Mimi ni mfagizi. Mimi ni mama yako.

Hospitalini kwetu muuguzi hamhudumii mtu wake, kwa hiyo Sista Mkuu, anayesimamia wodi, alinihamishia upande wa wanawake. Na kazini nywele zote hukaa ndani ya kofia. Kwa hiyo, kwa Fundi, mimi sikuwepo duniani mpaka saa kumi jioni, wakati wa kutazama wagonjwa, nilipovua kofia, nikauachia msuko mgongoni na kuingia kwa mlango wa wageni. Aliichukua ncha yake, akaupitisha katikati ya vidole kama anayekagua kitambaa, kisha akasema, "Umekuja."

Wiki saba niliishi kwa neno hilo moja.

Alhamisi ile upande wa wanaume walipungukiwa watu. Muuguzi wa kule alinikimbilia na kalamu sikioni. "Dada yangu, nipimie presha vitanda vitatu tu, namsindikiza mgonjwa kwenye picha ya eksirei. Nitakununulia chai."

"Chai ya wiki iliyopita bado sijaiona," nikamwambia, lakini nikaenda, nikiwa na kofia kichwani na barakoa usoni, maana kulikuwa na mgonjwa aliyekohoa.

Kitanda cha tatu kilikuwa chake. Nilifungua mdomo nijitambulishe kama kadi ilivyoagiza. Hapo akainua macho na kunitazama, nami nikaona jinsi alivyokuwa akiutazama ulimwengu wote kati ya asubuhi na saa kumi: kwa adabu, bila chuki, bila chochote. Nikafunga mdomo. Nilitaka kumwona jinsi alivyo asipokuwa na mimi.

"Sista," akasema, akinyoosha mkono, "leo hujajitambulisha."

"Mimi ni muuguzi."

Haukuwa uongo, na kwa sababu hiyo ulikuwa mbaya kuliko uongo.

"Muuguzi mwenye kifundo cha mkono inchi sita," akasema. "Usishangae, mimi ni mshonaji. Ndicho kilichobaki. Yule mzee wa kitanda cha nne, mwenye tumbo, ni arobaini na nne. Akipita daktari wa kike anavuta pumzi, anakuwa arobaini na mbili."

Nikacheka nyuma ya barakoa. Akatabasamu, akafurahi kwamba amemchekesha mtu, mtu yeyote.

"Umeolewa, sista?"

"Nina mchumba."

"Anakujua?"

Nikauzungushia mkono wake mkanda na kuanza kuujaza hewa. "Alinijua sana."

"Basi mshike." Aliutazama mlango wa wageni. "Kuna mtu huwa anakuja kwangu saa kumi. Mwenye nywele. Umewahi kumwona?"

"Namwona."

"Ni mzuri?"

Swali hilo lilinichoma mahali ambapo mafunzo yangu hayajapatia jina. "Ni wa kawaida," nikajibu.

"Mama anasema ni mzuri. Mimi naona macho mawili, pua, mdomo. Ni kama kusomewa orodha. Nikizishika zile nywele ndipo najiambia, haya, huyu ndiye ninayepaswa kumpenda."

"Humpendi?"

"Nakumbuka kila kitu, sista. Sare aliyoleta, alivyocheka, siku tuliyonyeshewa na mvua akakataa mwavuli wangu kwa sababu ulikuwa mmoja. Yule nampenda mpaka leo. Lakini yule ninayemkumbuka na huyu anayekuja hawakutani. Kila siku saa kumi namngoja yule, anaingia huyu."

Kipimo kilikuwa kimekwisha kutoa hewa. Sikusoma namba.

"Mwambie," nikasema.

"Nimejaribu. Akiniwekea ule msuko mkononi nashindwa. Ameshautunza kwa ajili yangu, utamwambiaje mtu kama huyo? Namdanganya, namwambia ningemjua popote. Jumatatu natoka hapa, na mama anataka ndoa mwezi huu huu. Nitalala na mwanamke ambaye akifunga kitambaa tu kichwani, namwamkia kama mgeni. Hiyo ni ndoa?" Akashusha sauti. "Siku akija bila nywele, nitamwambia. Usiyemjua ni rahisi kumwambia ukweli. Kama hivi ninavyokuambia wewe."

"Presha yako ni nzuri," nikasema, huku nikipima upya ili mikono yangu ipate la kufanya.

"Na yako?"

Nilisukuma toroli mpaka stoo ya mashuka, nikaingia, nikafunga mlango, nikaegemea rafu.

Sista Mkuu alinikuta humo. Ni mwanamke mpana, mwenye kichwa kilichonyolewa mpaka kinang'aa, na katika wodi hakuna mtu, hata daktari, anayepita mbele yake na viatu vichafu. Nilimweleza yote, nikaanza na kosa langu. Hakupaza sauti.

"Umemsikiliza mgonjwa akiwa hajui anaongea na nani," alisema. "Ile kadi sikuibandika kupamba ukuta."

"Najua, Sista."

"Nitaliandika, na chuo chenu kitapata barua. Hilo ni la kazi. Sasa futa kamasi, niambie la pili, maana naona lipo."

"Nataka kunyoa."

Akaanza kukunja shuka ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. "Hapa hatunyoi kwa hasira."

"Wewe ulinyoa kwa nini?"

"Mimi? Nilichoka kuosha harufu ya wodi kichwani kila siku kabla sijamshika mwanangu. Hakuna hadithi. Mtaani wakadhani nimefiwa, wakaniletea rambirambi, nikapokea. Mume wangu akasema nimefanana na mjomba wake. Wiki mbili hakunitazama usoni, kisha akazoea."

"Naye anaweza kuzoea."

"Mwanangu." Aliliweka shuka chini. "Wangu alizoea kwa sababu chini ya upara aliniona mimi. Wako hana pa kukuona. Nimekaa wodi hii miaka kumi na tisa, sijaona aliyerudi kutoka huko. Kama unanyoa ukitegemea kwamba atalazimika kukutafuta na atakupata, mashine ya chumba cha maandalizi sikupi."

Nilikuwa nikitegemea hivyo hivyo. Sikuwa nimejua mpaka aliposema.

Saa tisa na nusu niliosha uso, nikavua sare, nikavaa gauni langu la kila siku. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, niliuzungusha msuko kichwani na kuufunga kwa kitambaa cheusi mpaka usionekane hata unywele mmoja.

Kwenye benchi la nje ya wodi walikuwa wameketi mama zetu wawili, kila mmoja mwisho wake, na kati yao pochi mbili zilizogeuziana mgongo.

"Umefunga nini hicho?" mama yake Fundi akauliza, kilemba chake cha kijani kikitikisika. "Mkwe wangu, hatakujua!"

"Naingia mara moja, mama."

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, futi yake ikining'inia shingoni. Nilisimama mbele yake. Akatabasamu kwa adabu ile ile ya asubuhi.

"Karibu. Wewe ni nani?"

Nilipaswa kusema. Kadi ilikuwa pale juu, na mara hii nilikuwa nimeisoma. "Mimi ni mtu uliyewahi kumshonea," nikasema. "Nipime."

Alifurahi. Kazi ilimjia mikononi kama maji. Akasimama nyuma yangu, akanyoosha futi kutoka bega hadi bega, na vidole vyake vikagusa shingo yangu mahali palepale vilipogusa siku ya kwanza. Nilifumba macho. Nikangoja. Sijawahi kungoja kitu kwa nguvu namna ile. Nilihesabu pumzi zake.

"Kumi na tano na nusu," akasema.

"Mabega hayakwambii kitu?"

"Ni kipimo cha kawaida. Nina wateja kumi wenye mabega haya." Akapima mkono, kisha kiuno. "Nilikushonea nini?"

"Gauni."

"Rangi gani?"

"Jeupe. Hujalimaliza. Limebaki pindo."

Futi ikasimama. Nilimsikia akifikiri, nilimsikia akijumlisha, kama anavyojumlisha mita za kitambaa. Kisha akaja mbele yangu akiwa amejaa haya.

"Basi ni wewe," akasema. "Samahani, mpenzi. Ni hiki kitambaa. Kitoe."

Alikuwa amenijua kwa hesabu. Nilikifungua, msuko ukaanguka, naye akaudaka kabla haujafika kiunoni. Uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata mahali pa kushika kwenye ngazi yenye giza. Akaupitisha katikati ya vidole.

"Umekuja," akasema. Kisha, kwa sababu alikuwa mwema, na kwa sababu hakuwa akinitazama mimi, bali kile kilichokuwa mkononi mwake, akaongeza, "Ningekujua popote."

Nilikaa naye mpaka kengele ya wageni. Tulizungumza juu ya Jumatatu, juu ya cherehani iliyojaa vumbi, juu ya mzee wa kitanda cha nne. Kila aliposema neno la mapenzi niliona linapita karibu nami na kwenda kwa msichana mmoja aliyecheka dukani akiwa na sare mkononi, nami nikamwonea wivu msichana yule, kana kwamba alikuwa ameniibia mume. Nilipoinuka, alichelewa kuuachia msuko. Ulinivuta ngozi ya kichwa.

Nje, mama zetu walikuwa wameacha kugeuziana mgongo. Walikuwa wanagombana ana kwa ana.

"Nasema mwezi huu huu," mama yake alikuwa akisema. "Mtoto anahitaji mke wa kumshika mkono."

"Anahitaji muuguzi," mama yangu akamjibu. "Nanyi mmepata wa bure. Watoto wakizaliwa atawajua kwa nini, kwa viatu?"

"Wewe mumeo anakujua? Tangu nimefika nasikia anakuita 'wewe' kwenye simu."

"Ananiita 'wewe' lakini anajua ni wewe gani!"

Kisha wakaniona. Mama yangu alikishika kidevu changu, akanigeuza kwenye mwanga kama alivyofanya nilipokuwa na homa utotoni.

"Umelia."

"Nimelia. Sasa nimemaliza. Kaeni, tafadhali." Hawakukaa. "Fundi hanipendi. Anampenda mtu niliyekuwa, na mtu yule hawezi kumwona tena. Amesema mwenyewe, leo asubuhi, kwangu, bila kujua kwamba ni mimi. Lilikuwa kosa langu kusikiliza, na kesho nitamwambia kwamba nilisikiliza."

"Mgonjwa yule!" Mama yake alinishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya baridi. "Maneno ya mgonjwa unayabeba hivyo? Anakungoja kila siku. Kuanzia saa saba anauliza saa kumi itafika lini."

"Anazingoja nywele, mama. Na mimi, nikiwa nazo, najijua: kesho saa kumi itanikuta mlangoni. Na keshokutwa. Nitamwekea mkononi, atanidanganya kwa upole, nitafurahi, na tutazeeka hivyo. Ndiyo maana nitanyoa."

"Mwache," mama yangu akasema upesi. "Hilo tuko pamoja, mwache. Lakini nywele, mwanangu? Nimezichana kwa mikono yangu miaka kumi. Mwanamke wa shahada na kichwa kama yai, nani atakutazama?"

"Sitaki kutazamwa."

Mama yake Fundi alikuwa bado ameshika mikono yangu. Alikuwa akiutazama msuko ulionilalia begani. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, kwa unyonge ambao hata leo sijui niuite nini.

"Basi ukinyoa, uniachie mimi. Msuko tu. Yuko binti wa ndugu yangu, mpole, ana urefu kama wako. Tungeufunga vizuri tu. Asingejua."

Mama yangu alinyakua pochi yake kwenye benchi. Nami nilisimama pale nikiufikiria msuko wangu mgongoni kwa mwanamke mwingine, saa kumi jioni, na vidole vikipita juu yake, na lile neno. Umekuja. Ni kweli: asingejua. Hakuna kitu nilichowahi kukijua kwa uhakika kama hicho, na ndani yake hapakuwa na pa kushika.

Niliivua mikono yangu kutoka mikononi mwake, bila hasira. Nikavua pete, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikakikunja.

"Hapana, mama," nikasema. "Kesho saa moja asubuhi, kabla ya zamu, nanyoa. Saa mbili nitamwendea Fundi nikiwa na upara, nitajitambulisha kama kadi inavyosema, na nitamsikiliza aniage. Ndoa haipo. Akiuliza saa kumi, mwambieni kwamba hakuna anayekuja. Na nywele zitakwenda kwenye tanuru la hospitali, pamoja na bandeji."